Gia Imeingia, Breki Imekanyagwa

Gari linaweza kutetemeka kwa namna nyingi, na kila namna ina wakati wake. Likitetemeka ukifika mwendo wa 80 au 100 kwa saa, watu huanza kwa kutazama matairi na rimu. Likitetemeka unapokanyaga breki ukiwa mwendoni, huangaliwa disiki. Lakini upo mtetemo mwingine ambao haukupati njiani kabisa. Unakupata umesimama. Gari ni la otomatiki, gia iko kwenye D, mguu uko kwenye breki, mbele yako kuna foleni au watoto wa shule wanavuka barabara, na usukani unaanza kutikisika mikononi mwako. Kioo cha pembeni kinacheza. Kiti nacho kinatetemeka. Ukiondoka, unaisha. Ukitoa gia na kuweka N, unaisha pia, au unapungua sana.

Nimeombwa kuandika juu ya imani na kungoja. Nitaandika kwa kuanzia kwenye mtetemo huo, kwa sababu katika mwaka mmoja niliukuta mahali pawili, katika gari letu na katika nyumba yetu.

Niruhusuni kwanza nieleze jinsi jambo lenyewe linavyotokea, maana wengi wetu siku hizi tunaendesha magari ya otomatiki bila kujua kinachofanyika chini ya boneti. Katika gari la gia za mkono, ukisimama unakanyaga klachi na kutoa gia, na injini inabaki peke yake bila mzigo. Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Katika mengi ya magari haya, kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, mafundi hukiita toki konvata. Upande wake mmoja unazungushwa na injini, upande wa pili unazungusha giaboksi, na oili iliyo katikati ndiyo inayopeleka nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Sasa fikiria gari limesimama likiwa kwenye D. Breki imeshika matairi, matairi yameshika giaboksi, kwa hiyo ule upande wa pili hauwezi kuzunguka. Lakini injini haijazimwa. Upande wake unaendelea kuzunguka na kuisukuma oili, na oili inasukuma kitu ambacho hakisogei. Injini inafanya kazi na gari haliendi. Imeitwa kwenda na imezuiwa isiende, yote kwa wakati mmoja. Ukiweka N, giaboksi inaachia na mzigo unaondoka. Ukiachia breki, gari linakwenda na nguvu inapata njia. Mahali pagumu ni pale katikati, gia imeingia na breki imekanyagwa.

Nadhani msomaji ameshaanza kuona ninakoelekea. Wako watu wengi katika sharika zetu walioko hapo katikati. Mwanafunzi aliyemaliza masomo ya theolojia na anasubiri kupangiwa kazi. Mama mwenye kesi ya shamba la marehemu mumewe, ambayo kila tarehe inaahirishwa. Ndoa changa inayongoja mtoto, na shangazi wanaouliza kila Krismasi. Kijana aliyefanya usaili na kuambiwa atapigiwa simu. Watu hawa hawajapumzika, na wala hawako safarini. Wameitikia, wamejiandaa, moyo umeshaingia gia, lakini kuna kitu kimewashika ambacho si wao walichokikanyaga.

Kwetu ilikuwa ni majibu ya maabara. Mke wangu aliona uvimbe mdogo kwenye titi. Tulikwenda hospitali, akapimwa, na kipande kidogo kikachukuliwa kupelekwa maabara. Tuliambiwa turudi baada ya wiki tatu. Yeyote aliyewahi kuambiwa hivyo anajua kwamba wiki hizo hazina siku saba kila moja.

Gari letu ni dogo, la otomatiki, lililoingia nchini likiwa limeshatumika Japani, kama yalivyo mengi tunayoyaona kwenye viwanja vya kanisa Jumapili. Lilikuwa limeanza ule mtetemo miezi michache nyuma. Kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi lilikwenda vizuri kabisa. Tukifika Boma Ng'ombe, tukisimama watu wavuke, linaanza. Mke wangu alikuwa akiweka kiganja juu ya dashibodi, kama mtu anayemtuliza ng'ombe anayekamuliwa. Siku moja tukiwa tumesimama hapo akaniambia, "Baba, hili gari linafanana na mimi." Hakusema zaidi, na watu wakamaliza kuvuka tukaondoka.

Alikuwa amesema kweli. Akiwa na kazi mkononi alikuwa mzima. Alipika, alifundisha kipindi chake cha kwaya, alifua, alicheka na watoto. Akilala usingizi, alilala. Lakini zilikuwako nyakati ambazo mikono yake ilitetemeka hata kikombe kikagonga kisahani. Simu ikiita. Mtu akibisha hodi. Na zaidi ya yote, kila siku kwenye saa kumi jioni, kazi za nyumbani zimekwisha na watoto hawajarudi.

Habari zikienea usharikani, ushauri haukosekani. Juu ya gari nilishauriwa na watu wengi wema. Mmoja aliniambia nibadilishe matairi. Mwingine alisema giaboksi imekwisha, nitafute nyingine ya mtumba kabla haijaniacha porini. Wa tatu alisema dawa ni rahisi, fundi apandishe sailensa tu, yaani aongeze mwendo wa injini ule wa kusimama, na mtetemo hutausikia tena.

Juu ya mke wangu nako ushauri ulikuja. Walimwambia amwamini Mungu. Walimwambia kutetemeka ni dalili ya mashaka. Mtu mmoja alimuuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama kuna jambo moyoni ambalo hajalitubu. Sisemi walikuwa wabaya. Walileta ndizi na maziwa, walifunga na kuomba, na wengine walisafiri mbali kuja kutuona. Lakini wote walikuwa wameshajua ugonjwa kabla ya kuuliza swali hata moja.

Fundi tuliyempata alikuwa mtu wa makamo, na gereji yake ni kivuli cha mti mmoja na kontena moja la spea. Kwa karibu nusu saa hakushika spana. Aliuliza.

"Mchungaji, linatetemeka lini?"

"Likisimama."

"Likisimama kwenye gia gani?"

"Kwenye D."

"Na kwenye R?"

"Zaidi."

"Na kwenye N?"

"Linatulia."

"Asubuhi likiwa baridi, au hata likishapata moto?"

"Hata likiwa na moto."

Akatikisa kichwa na kusema, "Basi matairi tuyaache. Tairi lisilozunguka haliwezi kutetemesha gari." Kwa sentensi hiyo moja aliniokolea fedha ya matairi manne.

Kisha akaanza kupima, jambo moja baada ya jingine, na kila kipimo kilifuta kitu kwenye orodha. Alitazama mshale wa mizunguko ya injini. Kwenye N ulisimama karibu na 700 kwa dakika. Kwenye D ulishuka kidogo chini ya hapo, lakini haukuruka. Akasema mshale ukiwa unarukaruka, angeanza kushuku kwamba injini inamisi, yaani kuna piston ambayo moto wake hauwaki vizuri. Alikwenda nyuma akasikiliza bomba la moshi. Mlio ulikuwa sawasawa, hakukuwa na pigo lililoruka. Alichomeka mashine ya kupimia, haikuonyesha kosa lolote. Hata hivyo akafungua plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti. Zilikuwa na rangi moja. "Injini nzima," akasema. Akaangalia kama bomba la moshi limegusa bodi mahali popote, maana bomba likigusa nalo hupeleka mtetemo ndani. Halikugusa. Akafungua mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, akakuta masizi, akausafisha. Mtetemo ulipungua kidogo, lakini haukwisha.

Ndipo akafikia kipimo alichokuwa anakisubiri. Aliweka mawe mbele na nyuma ya matairi, akavuta breki ya mkono, akawaondoa vijana wote waliokuwa mbele na nyuma ya gari. Yeye mwenyewe alisimama ubavuni, boneti iko wazi. Akaniambia nikanyage breki kwa nguvu zote, niweke D, kisha R, kisha D tena, bila kugusa mafuta. Kila nilipobadilisha, injini ilinyanyuka upande mmoja na kulala upande wa pili, kama mtu anayegeuka kitandani. Akaniita nione. Alikaza ubao chini ya injini, akainyanyua kidogo, na pale nyuma pakafunguka ufa kwenye mpira mweusi. Mpira ulikuwa umechanika, na chuma kilikuwa kinagusa chuma.

Ile ilikuwa maunti. Maunti ni kishikio cha injini. Ni chuma pande mbili na mpira katikati. Upande mmoja umefungwa kwenye injini, upande wa pili kwenye bodi ya gari. Magari mengi madogo yanazo tatu au nne. Nikamuuliza fundi kama maunti mpya itazuia injini kutetemeka. Akacheka.

"Mchungaji, hakuna injini isiyotetemeka. Hata ile mpya kabisa. Kazi ya maunti si kuizuia injini isitetemeke. Kazi yake ni kuishika, na kuupokea ule mtetemo usifike kwa abiria."

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Injini ya piston nne ikizunguka mara 700 kwa dakika, moto unawaka ndani yake mara 1,400 kila dakika, zaidi ya mara 20 kila sekunde. Hiyo ni mishindo midogo isiyokoma. Tunakaa juu yake, tunazungumza, watoto wanasinzia kiti cha nyuma, na hatuhisi kitu, kwa sababu kuna vipande vitatu au vinne vya mpira, mahali pasipoonekana, vinavyoibeba mishindo yote.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo moja kuhusu nyumba yetu. Mke wangu hakuwa na hitilafu ya injini. Imani yake ilikuwa inawaka kila pistoni. Alikuwa amewekewa mzigo mzito na amezuiwa kwenda, na katika hali hiyo kila aliyeumbwa kwa mwili hutetemeka. Swali la usharika halikupaswa kuwa kwa nini anatetemeka. Lilipaswa kuwa, ni nani amemshika?

Neno la Mungu lina mfano wa karibu kabisa na huu. Katika sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza, Hana yuko Shilo, mbele za Bwana, anaomba mtoto. Midomo inacheza na sauti haisikiki. Kuhani Eli ameketi karibu na mwimo wa mlango, anamtazama, na anatoa jibu lake upesi: huyu mwanamke amelewa. Eli aliona mtetemo, na ni kweli aliuona. Alichokosea ni chanzo. Alimtazama mwanamke aliyekuwa katika maombi mazito kuliko yote yaliyofanyika hekaluni siku hiyo, akamwona kama mtu aliyeharibika. Lakini Hana akamweleza, na Eli, kwa sifa yake, akasikiliza. Akambariki na kumwacha aende kwa amani. Angalia kinachofuata. Hana alikwenda akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Mtoto alikuwa bado. Breki ilikuwa bado imekanyagwa. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika: mtu mmoja alikuwa amemsikiliza na kumshika mbele za Mungu.

Na Bwana wetu mwenyewe je? Usiku ule wa Gethsemane aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawaeleza waziwazi jinsi nafsi yake ilivyojaa huzuni, akawaomba wakae karibu na kukesha pamoja naye. Yeye asiye na dhambi alifadhaika akingoja saa yake. Kama kutetemeka wakati wa kungoja kungekuwa ni upungufu wa imani, tungelazimika kumhesabia upungufu huo Mwana wa Mungu, na hilo hatuwezi kulisema. Yeye aliomba kushikwa. Wale watatu walilala.

Sisi Walutheri tuna jambo la pekee la kusema hapa, na katika chuo chetu hulirudia kila mwaka kwa wanafunzi. Mwaka 1539 Martin Luther, akiandika dibaji ya vitabu vyake vya Kijerumani, alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu awe mwanatheolojia: maombi, kulitafakari Neno, na majaribu. Wanafunzi hupenda mawili ya kwanza. La tatu huandika tu kwenye daftari. Lakini Luther hakulitoa kichwani. Mwezi Julai 1527, akiwa na miaka 43, alianguka mgonjwa ghafla, akadhani anakufa, na baada ya mwili kupata nafuu roho yake ilibaki katika giza kwa miezi mingi. Siku ile ya ugonjwa hakuachwa peke yake. Johannes Bugenhagen, mchungaji wake pale Wittenberg, na Justus Jonas walikuwa kando ya kitanda. Mwalimu wa Matengenezo alihitaji mchungaji.

Miaka 10 baadaye, katika Makala za Smalcald za mwaka 1537, Luther aliorodhesha njia ambazo Injili hutufikia. Alitaja mahubiri, ubatizo, sakramenti ya altare, na mamlaka ya kufungua na kufunga. Tungedhani orodha imeisha hapo. Akaongeza moja zaidi: mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Hakuiweka kama nyongeza ya ukarimu tu. Aliiweka katika orodha moja na mimbari na altare, kama njia ambayo Mungu mwenyewe huitumia kutupa neema yake. Mshirika anayeketi na mshirika mwenzake anayengoja, na kumkumbusha ahadi za Mungu, anafanya kazi ya Injili. Ndiyo maunti ya kanisa.

Nimeiona kazi hiyo ikifanyika. Katika jumuiya yetu yuko mama mmoja mtu mzima, mjane, asiyezungumza sana. Alikuja wiki ya pili ya kungoja. Hakuuliza habari za imani. Aliketi jikoni akamuuliza mke wangu, "Mwanangu, ni saa ngapi inakuwa ngumu?" Mke wangu akajibu, "Saa kumi, Mama." Kesho yake saa kumi kasorobo yule mama alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Wakachambua maharage pamoja. Siku iliyofuata akaja tena. Siku nyingine waliimba, siku nyingine walisoma Zaburi, siku nyingine hawakusema neno hadi watoto walipoingia na viatu vyao vya vumbi. Mikono ya mke wangu ilikuwa bado inatetemeka siku nyingine, na maharage mengine yalidondoka chini. Yule mama aliyaokota akayarudisha kwenye ungo. Hakuna aliyeomba radhi.

Kuna mambo matatu zaidi ambayo fundi aliniambia siku ile akiosha mikono, na nimeona yote yanatufaa.

La kwanza ni kuhusu kupandisha sailensa. Alisema wako wanaofanya hivyo ili kumfurahisha mwenye gari. Injini ikizunguka kwa kasi zaidi, mtetemo unajificha. Lakini mpira bado umechanika, mafuta yanatumika zaidi, na gari linasukuma breki kila likisimama. Nasi tunaijua dawa hiyo makanisani. Mtu akitetemeka tunaongeza sauti. Tunamtaka aseme ushuhuda wa ushindi kabla ya ushindi, aimbe kwa nguvu, ajibu "Bwana asifiwe" kabla hajaulizwa hali. Kelele inaufunika ufa na ufa unaendelea kukua.

La pili ni kuhusu N. Alisema kwenye foleni ndefu hakuna ubaya kuweka N na kuvuta breki ya mkono, injini ipumzike kidogo. Lakini dereva anayekimbilia N kila anaposimama, ili asiusikie mtetemo, hajatengeneza kitu. Mtu anayengoja naye ana haki ya kupumzika, kulala mchana, kuzima simu, kukaa nyumbani Jumapili moja akilia. Mungu alimpa Eliya usingizi na mkate chini ya mretemu kabla ya kumwuliza lolote. Lakini kuna kuitoa gia moja kwa moja. Ni kuacha kutumaini ili usiumie, kuacha kuomba ili usikatazwe. Mtetemo unaisha kweli, lakini hata njia ikifunguka hutaondoka.

La tatu lilinishangaza. Alisema maunti mpya nayo inaweza kuleta mtetemo, ikiwa mpira wake ni mgumu kupita kiasi. Ziko za bei rahisi zenye mpira kama jiwe. Inashika vizuri, haichaniki, lakini haipokei kitu. Kila mshindo wa injini inaupitisha moja kwa moja kwa abiria. Nimewafikiria sana wachungaji wenzangu katika jambo hili, na wazee wa kanisa. Tunaweza kuwa imara na bado tusifae. Mafundisho yetu ni sahihi, aya zetu zimehesabiwa, tumeshika kwa nguvu, na mtu anayekuja kwetu anaondoka na mtetemo wake wote kama alivyokuja nao, kwa sababu hakuna mahali ndani yetu palipolainika kuupokea. Mtume Paulo, alipowaandikia Wagalatia juu ya kuchukuliana mizigo, hakumaanisha kuitazama mizigo ya wengine tukiwa tumesimama wima.

Gari lilipona. Fundi aliweka maunti nzuri, na mara ya kwanza tuliposimama Boma Ng'ombe mke wangu aliondoa kiganja kwenye dashibodi akanitazama. Lakini sitaki kumdanganya msomaji kwamba mambo mawili yaliisha pamoja. Majibu yalikuja, na ilikuwa saratani. Iligunduliwa mapema. Alifanyiwa upasuaji, kisha akapewa dawa za dripu zilizomchosha na kumnyoa nywele, na leo ninapoandika yuko jikoni na ninasikia sauti yake. Kila baada ya miezi mitatu anarudi kupimwa. Kila baada ya miezi mitatu gia inaingia na breki inakanyagwa. Daktari hajamwambia neno "umepona" kwa namna ambayo sisi tungependa kulisikia, naye ameacha kumdai neno hilo. Wiki ya kipimo mikono yake bado hutetemeka. Ameniruhusu niandike haya, na aliniagiza niandike pia kwamba katika miezi yote hiyo hakuwahi kuacha kuomba, hata siku ambazo midomo ilicheza bila sauti.

Kwa hiyo ninawaomba jambo dogo, ninyi mnaosoma. Katika jumuiya yako yuko mtu anayengoja. Pengine unamjua, pengine amejificha vizuri. Ukimwona anatetemeka, usikimbilie kutaja ugonjwa. Usianze na dhambi yake wala na kipimo cha imani yake. Uliza kama fundi yule na kama yule mama: ni lini? Ni mahali gani? Ni saa ngapi inakuwa ngumu? Akikuambia ni asubuhi, nenda asubuhi. Akikuambia ni usiku, mpigie usiku. Akikuambia ni saa kumi, chukua ungo.

Na wewe unayengoja, uliyezuiwa hapo ulipo huku moyo ukivuta kwenda, usijihesabie kwamba umeharibika. Mwambie mtu mmoja saa yako ngumu. Kristo aliyeomba kukeshewa Gethsemane hakukeshewa, lakini yeye hasinzii. Yeye atakushika, na mara nyingi atakushika kwa mikono ya jirani.

Ee Bwana, uwakumbuke wote wanaongoja, na utulainishe sisi tulio karibu nao. Amina.